Leseni ya nchi yako haitoshi kuuza chakula nje

Umeuliza kama kibali cha kuuza vyakula vya pakiti nchini mwako kinakuruhusu kuwatumia wateja wa nje wanaoagiza kupitia tovuti yako. Kwa kifupi, hapana: kibali hicho hakiondoi wajibu wa kutimiza masharti ya nchi ambako mzigo unapokelewa, hata kama ni pakiti moja tu.

Anza na aina ya bidhaa kabla ya kuhangaikia lebo. Vitu vitokanavyo na wanyama ndivyo vyenye vikwazo vikali zaidi. Asali, kwa mfano, ambayo wengi huiona kuwa haina matatizo, huingia Umoja wa Ulaya kibiashara kutoka nchi zilizoidhinishwa tu, tena ikiwa na cheti rasmi cha afya. Marekani nayo inataka taarifa ya mzigo itolewe kabla haujafika, na kwa kawaida kiwanda kiwe kimesajiliwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, kikiwa na wakala aliyeko huko.

Kuhusu lebo, usinakili tu ile ya nyumbani. Kanuni ya Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataja vizio 14, yaani vyakula vinavyoweza kusababisha mzio, ilhali Marekani inataja 9, ufuta ukiwa umeongezwa mwaka 2023. Na kwa mauzo ya mtandaoni Ulaya, orodha ya viambato na vizio lazima ipatikane kwa mteja, kwa mfano kwenye ukurasa wa bidhaa, kabla hajakamilisha ununuzi. Ushuru wa forodha ni suala jingine, na kwa maoni yangu ndilo jepesi zaidi.