Laptopu mpya: lipia leo kile ambacho fundi hataweza kukuongezea kesho

Fundi wangu wa Kariakoo alizifungua skrubu za tumbo la laptopu moja baada ya nyingine, akauweka mfuniko kando, kisha akaigeuza mashine upande wangu ili nijionee mwenyewe. Karibu na feni palikuwa na vipande vinne vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vimeshikamana na bodi kana kwamba vimeota hapo. "Dada, RAM yako ndiyo hii," aliniambia, akivionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Imechomelewa kiwandani. Hakuna pa kuchomeka nyingine." Nilikuwa nimekwenda na fedha taslimu za kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, kutoka gigabaiti 8 hadi 16, na nilirudi nyumbani nazo zote, huku video ya sendofu ya wateja wangu ikiwa haijakamilika na harusi yenyewe ikiwa imebakiza siku tatu.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sherehe hapa Dar es Salaam. Laptopu ile niliinunua ikiwa mpya mwaka 2021, na niliichagua kwa mambo mawili yanayoonekana haraka dukani: wembamba wake, na stika iliyoandikwa terabaiti 1. Niliamini kwamba hifadhi kubwa ndiyo nguvu ya kompyuta. Hakuna aliyenidanganya. Muuzaji alinijibu kila nililomuuliza. Mimi ndiye sikuuliza lililonihusu.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi aingie nalo dukani ni hili: grafiki (sehemu inayochora picha na video), hifadhi (panapokaa mafaili) na RAM havifungwi kwenye mashine kwa namna moja. Chipu ya grafiki huchomelewa kwenye bodi, na katika laptopu karibu zote hutaibadilisha mpaka siku unayoachana na mashine. Hifadhi, kwa sehemu kubwa, ni kijibao kinachoshikwa na skrubu moja, na fundi hukibadilisha kabla chai yako haijapoa. RAM inategemea: kuna mashine zenye sloti mbili, yaani nafasi za kuchomekea, kuna zenye sloti moja na nusu nyingine imechomelewa, na kuna zilizochomelewa zote kama ile yangu. Kwa hiyo fedha ikiwa haitoshi kwa kila kitu, na kwa wengi wetu huwa haitoshi, itangulie kwenye kile kisichobadilika, na kile kinachobadilika kisubiri mwezi mwingine.

Nianze na grafiki, kwa kuwa hapo ndipo kosa haliponi. Kuna grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, ambayo haina kumbukumbu yake na hukopa sehemu ya RAM ya mashine, na kuna kadi inayojitegemea, yenye chipu yake na kumbukumbu yake. Mtu anayeandika ripoti, anayetunza hesabu za duka, anayefundisha kwa njia ya intaneti au anayetengeneza mabango ya kawaida anatoshelezwa kabisa na ile ya ndani ya prosesa, na fedha ya kadi ni heri aielekeze kwenye RAM. Ushauri huu nautoa kwa dhati, kwa sababu nimewaona vijana wakibebeshwa mashine nzito ya michezo kwa ajili ya kuandika tasnifu. Lakini mwenye kuhariri video kwa programu kama DaVinci Resolve, mwenye kuchora majengo kwa pande tatu, au mwenye kucheza michezo mikubwa, huyo kazi yake inafanyika ndani ya grafiki hasa. Katika Resolve, kila unapogusa rangi ya klipu, mzigo huo hubebwa na GPU, yaani chipu ya grafiki, na kumbukumbu yake ikijaa, programu hukuandikia wazi kwamba imejaa na kazi inasimama hapo. Mimi niliyekuwa na gigabaiti 8 za RAM, zigawanywe kati ya Windows, programu na grafiki, nilikuwa nauona ujumbe huo mara kadhaa kwa usiku mmoja.

Ukiamua kununua kadi inayojitegemea, usiishie kwenye jina lake. Chukua mfano wa RTX 4060 ya laptopu, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Nvidia, wabunifu wa chipu hiyo, inaruhusu watengenezaji wa laptopu waipe umeme kuanzia wati 35 hadi wati 115, na kila mtengenezaji huchagua kulingana na unene wa mashine na uwezo wa feni zake. Maana yake ni kwamba laptopu mbili zinaweza kukaa kwenye rafu moja, stika ni ile ile, bei inakaribiana, na moja ikaiacha nyingine mbali sana kwa kazi, hasa katika joto letu la Januari ambapo mashine nyembamba hupunguza kasi ili isiungue. Uliza wati. Muuzaji asipojua, tafuta modeli kamili katika tovuti ya mtengenezaji ukiwa hapo hapo dukani. Uliza pia kumbukumbu ya kadi: RTX 4050 ina gigabaiti 6, na kwa anayehariri video za 4K tofauti ya gigabaiti hizo 2 huonekana mapema kuliko tofauti ya kasi.

Wapiga picha wenzangu wapo katika hatari ya kusahau jambo jingine. Kamera nyingi tunazotumia sasa, mfano Sony A7 IV, zinaweza kurekodi rangi kwa biti 10 katika mpango wa 4:2:2, unaotunza rangi nyingi zaidi, na video za namna hiyo zikibanwa kwa njia ya H.265 huwa nzito sana kufunguliwa. Kadi za Nvidia zilizotangulia familia ya RTX 50, iliyotoka mwaka 2025, haziifungui aina hiyo kwa chipu yake maalumu, ilhali grafiki ya ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 inaifungua. Ndiyo sababu mwenye kadi kubwa anaweza kumwona mwenzake mwenye mashine ya kawaida ya Intel akipitia klipu kwa ulaini kumshinda. Kabla ya kulipa, beba klipu ya kamera yako kwenye flashi, iweke kwenye mashine unayoitaka, kisha uisogeze mbele na nyuma. Dakika tano za jaribio hilo zina thamani kuliko maelezo yote yaliyobandikwa kwenye boksi.

Kwenye hifadhi sitakaa sana. Terabaiti 1 iliyonivutia ilikuwa diski ngumu ya kuzunguka (HDD), ambayo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyozunguka, ikiwa ya aina ya SATA hufika karibu 550, na ile ya NVMe hata ya kizazi cha tatu hukaribia 3,500. Laptopu mpya yenye diski ya kuzunguka peke yake usiichukue kwa bei yoyote, na jihadhari na zile za bei nafuu zenye hifadhi ya aina ya eMMC ya gigabaiti 64, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakidai, na eMMC nayo huchomelewa kwenye bodi. Ukiona diski ya gigabaiti 512 inasomeka 476 usidhani umeibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024, tofauti ni hiyo tu.

Kiasi gani kinatosha, kila mmoja apige hesabu ya kazi yake. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa tatu kila moja, harusi moja ni gigabaiti 270, kabla sijaweka muziki wala kutoa nakala ya mwisho. Gigabaiti 512 hazibebi harusi mbili kwa pamoja, na hata hivyo mashine niliyonunua baadaye niliichukua ikiwa na 512 kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha ina sloti ya pili ya M.2, yaani ya kuchomekea SSD, ikiwa tupu. Tofauti ya bei kati ya modeli ya 512 na ile ya terabaiti 1 niliipeleka kwenye kadi ya grafiki.

Nilihakikishaje? Hapa ndipo naomba msomaji awe mvumilivu, maana mambo haya hayaandikwi kwenye stika. Kwanza, soma aina ya RAM. Herufi LP zikitangulia DDR, yaani LPDDR4X au LPDDR5, RAM hiyo karibu kila mara imechomelewa. Ikiandikwa DDR4 au DDR5 bila LP, kuna matumaini ya sloti, ingawa huenda sehemu yake imechomelewa vilevile. Pili, mashine ikiwa imewashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji (Performance), kisha ya kumbukumbu (Memory). Chini utaona idadi ya sloti na ngapi zimetumika. Mahali pa umbo (Form factor) pakisomeka "Row of chips", basi ni vile vipande vyeusi vilivyonirudisha nyumbani mikono mitupu. Pakisomeka SODIMM, yaani kijibao cha kuchomeka, hali ni nzuri zaidi, lakini usiufanye ushahidi pekee, kwa kuwa zipo mashine zinazojitaja vibaya. Ushahidi ninaoutegemea ni mwongozo wa matengenezo. Lenovo, Dell na HP huweka miongozo ya mashine zao nyingi kwenye tovuti zao bila malipo, yenye picha za kila sloti, kiwango cha juu cha RAM, na urefu wa kijibao cha SSD kinachoingia. Urefu huo una maana: 2280 ni milimita 22 kwa 80, na mashine yenye nafasi ya 2242 au 2230 haitakipokea. Vilevile DDR4 na DDR5 haziingiliani, hivyo usinunue RAM kwa kukisia.

Kwa wasiohitaji kadi inayojitegemea, sloti ya pili ya RAM ina faida ambayo wengi hawaijui. Grafiki ya Intel Iris Xe hufanya kazi kwa uwezo wake wote pale tu RAM inapopita njia mbili. Ukiwa na kijibao kimoja, Windows huiandika kama UHD ya kawaida, na ukiongeza cha pili jina linabadilika na nguvu inaongezeka, bila kugusa kitu kingine.

Kuhusu MacBook, niseme tu kwamba zinazouzwa mpya sasa zina RAM iliyounganishwa na prosesa yenyewe, kwa hiyo kiwango utakachonunua ndicho utakachozeeka nacho. Ni mashine nzuri sana kwa video, ila anayeichagua ajinyime hata kwa miezi michache achukue RAM ya kutosha tangu siku ya kwanza. Upande mwingine ipo Framework Laptop 16, ambayo hata moduli yake ya grafiki hubadilishwa, lakini sijawahi kuiona madukani kwetu. Na kwa mwenye bajeti ya mashine iliyotumika, ThinkPad T480 ya mwaka 2018 yenye sloti zake mbili za RAM bado naipendekeza kwa kazi za ofisi, kwani prosesa zake za Intel za kizazi cha 8 zinakubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwenye kununua kadi kubwa afikirie umeme pia. Chaja ya laptopu ya ofisi huwa ya wati 65 hivi. Ya laptopu yenye kadi kubwa inaweza kupita wati 200, na inveta ndogo ya nyumbani haitaibeba. Umeme ukikatika, ukabaki kwenye betri, kadi nayo hupunguzwa nguvu sana. Nimejifunza kutoa nakala za mwisho mapema mchana na kuacha usiku kwa kupanga klipu tu.

Mashine ya pili niliinunua mwaka 2024: RTX 4060, RAM ya DDR5 gigabaiti 16 katika kijibao kimoja, SSD ya gigabaiti 512, sloti moja ya RAM na moja ya M.2 zikiwa tupu. Nilidai risiti ya EFD na nikauliza, kabla ya kulipa, kama kufungua mfuniko ili kuongeza RAM kunavunja waranti. Nikapewa jibu kwa maandishi. Ile ya zamani anayo mdogo wangu kwa masomo yake ya chuo, na kwa kazi hiyo haina tatizo lolote, hasa baada ya diski ya kuzunguka kuondolewa na kuwekwa SSD.

Baada ya miezi minane, msimu wa harusi ulipoacha akiba kidogo, nilirudi kwa fundi yule yule na SSD ya terabaiti 2 pamoja na kijibao cha pili cha gigabaiti 16. Alifungua mfuniko, akanionyesha sloti mbili tupu, safi, zikisubiri. Kitu kimoja tu hakikuwepo: skrubu ya kushikilia SSD ya pili, ambayo watengenezaji wengine hawaiweki. Aliichokoa kwenye kopo lake la skrubu, akajaribu tatu, ya nne ikaingia. Ukinunua SSD ya kuongeza, uliza na skrubu yake.