Maswali yenu kuhusu akili na chimbuko la imani

Barua za safari hii ni za makundi mawili. Wa kwanza wanataka niseme saikolojia imekwisha kumzika Mungu. Wa pili wanataka niseme imemthibitisha. Mtanisamehe wote. Kueleza imani inavyoingia kichwani ni kazi moja, kujua kama kinachoaminiwa kipo ni kazi nyingine, na nitalirudia hilo mpaka liwakae.

Ni kweli wanasayansi wamegundua sehemu ya ubongo inayomtengeneza Mungu?

Hapana. Swali hili haliishi kuja, na jibu ni lile lile. Uvumi ulipata nguvu kwa Michael Persinger, mtafiti wa Canada, aliyewavalisha watu kofia yenye sumaku dhaifu iliyoelekezwa kwenye ubongo, ndani ya chumba kimya. Wengi walisema wamehisi kuna mtu karibu nao. Mwaka 2005 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Pehr Granqvist walichapisha matokeo ya kurudia jaribio hilo, safari hii aliyevaa kofia asijue kama sumaku imewashwa, na msimamizi naye asijue. Waliohisi kitu walikuwa wale wepesi wa kushawishika, sumaku iwake isiwake. Na ile "jeni ya Mungu" iliyovuma mwaka 2004, yaani madai kwamba mtu huzaliwa na chembe ya urithi inayomfanya aamini? Jeni moja haiwezi kubeba sala, mfungo, hija na mazishi. Tuliache.

Mimi naona woga tu ndio uliozaa dini. Nakosea?

Umepata nusu. Woga umo, na si ugunduzi wako: mwanafalsafa David Hume aliandika habari zake mwaka 1757, na mwaka 1927 Sigmund Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi, akaja na hoja ya kwamba mtu mzima anatamani baba wa kumlinda. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba wavuvi wa maji tulivu yaliyokingwa na miamba walitegemea ujuzi wao tu. Wakienda bahari kuu, ambako kuna hatari na mavuno ni ya kubahatisha, ndipo uganga unapoanza. Na baada ya tetemeko la Christchurch, New Zealand, Februari 2011, watafiti waliokuwa wakiwafuatilia watu wale wale tangu kabla ya maafa waliona walioguswa wakisogea kwenye dini, huku sehemu nyingine za nchi zikisogea mbali nayo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Sasa nusu ya pili. Kama dini ilitungwa ili kutuliza woga, mbona imejaa vitisho? Moto wa milele, mizimu yenye hasira, pepo wanaodai kafara. Mwanaanthropolojia Pascal Boyer aliwabana wenye nadharia hiyo kwa swali hilo mwaka 2001, na sijaona mpenzi wa nadharia ya woga aliyeijibu nikaridhika. Freud mwenyewe, ambaye wengi wenu mnamnukuu bila kumsoma, alikubali kwamba imani inayosukumwa na matamanio si lazima iwe uongo.

Na hili hamkuniuliza, ila nalisema: anayekuambia mkosi wako utaondoka ukimpelekea sadaka kabla ya Ijumaa anaijua saikolojia ya woga kuliko maprofesa wote niliowataja. Mkimbie.

Nimesoma kwamba hata njiwa ni washirikina. Ni utani?

Si utani, ila mnausimulia nusu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwaweka njiwa wenye njaa kwenye vizimba, chakula kikawa kinaletwa kila baada ya muda uliopangwa, wafanye wasifanye lolote. Mmoja akawa anazunguka kizimbani kinyume cha mshale wa saa, mara mbili tatu, kati ya mlo na mlo. Mwingine anasukumia kichwa kwenye kona ya juu. Wa tatu anarusha kichwa kama anayenyanyua kitu kisichoonekana. Skinner akasema: kila ndege alikuwa akifanya jambo fulani chakula kilipotokea, basi akalishikilia kana kwamba ndilo lililokileta.

Hapo ndipo wasimuliaji huishia. Mwaka 1971 Staddon na Simmelhag walirudia kazi hiyo kwa uangalifu zaidi, wakaona sehemu kubwa ya vitendo hivyo ni tabia za kawaida za njiwa anayesubiri chakula, na ndege wengi walifanya mambo yanayofanana. Kwa hiyo njiwa hathibitishi kwamba ibada yako ni bahati iliyozoeleka. Anathibitisha kwamba viumbe wenye njaa hawatulii.

Kwa nini akili ikikutana na kitu isichokielewa humwona mtu nyuma yake?

Swali zuri, hatimaye. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi mno: pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara na kisanduku chenye mlango. Maumbo yanasogea, basi. Hakuna uso, hakuna sauti. Watazamaji walipoombwa waeleze walichoona, karibu wote walisimulia kisa: pembetatu kubwa ni mkorofi, duara linaogopa, wale wadogo wawili wanatoroka. Itazame ujaribu kuona jiometri peke yake. Utashindwa.

Watafiti wa dini Stewart Guthrie, na baadaye Justin Barrett, walijenga hoja hapo. Majani yakitikisika porini, anayedhani kuna chui akakosea amepoteza mbio kidogo. Anayedhani ni upepo akakosea amepoteza maisha. Kwa hiyo akili zetu zinaelemea upande wa kudhani kuna mwenye nia. Ni hoja yenye mvuto, lakini angalieni pengo lake: kushtuka kwa majani hakumfanyi mtu asali mara tano kwa siku wala afunge Kwaresima. Kuna safari ndefu kati ya mshtuko na ibada, na safari hiyo ni ya jamii, mafundisho na mazoea.

Kwa hiyo Barrett amethibitisha kwamba Mungu ni mazigazi?

Barrett ni Mkristo, na hafichi. Anaona inafaa Muumba aumbe akili zinazoweza kumtambua. Asiyeamini anaichukua nadharia ile ile na kuitumia kinyume. Mtoto aliyekariri kwamba saba mara nane ni hamsini na sita kwa kuogopa fimbo amefika kwenye jibu kwa njia mbaya, na jibu ni hamsini na sita vile vile. Mwanasaikolojia William James aliwakemea mwaka 1902 waliotaka kummaliza Mtume Paulo kwa kusema alikuwa na kifafa: hata kama ni kweli, bado hujapima alichosema.

Dini yangu inafundisha kuwa Mungu hana mipaka. Mbona nikisali namfikiria kama mtu?

Hauko peke yako. Mwaka 1996 Barrett na Frank Keil waliwauliza watu kuhusu sifa za Mungu, wakajibu kama vitabu vyao vinavyosema: yuko kila mahali, anasikia yote kwa pamoja. Kisha wakasomewa visa, kimojawapo cha mvulana aliyebanwa mguu na mawe mtoni, anaomba wakati Mungu anajibu dua nyingine mbali. Walipotakiwa kukumbuka, wengi walisema Mungu alimaliza dua ile ya kwanza ndipo akaja kumsaidia mvulana. Kisa hakikusema hivyo. Akili inayosimulia haina subira na teolojia.

Eleza kwa sentensi moja kwa nini watu huamini.

Haielezeki kwa sentensi moja.

Watoto wakiachwa bila kufundishwa dini wataamini?

Hakuna aliyeweza kulea watoto bila jamii akaona, kwa hiyo mnaojibu kwa kelele, punguzeni. Tunachojua ni kwamba wana mielekeo. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen aliona watoto wadogo wakipenda kuona kusudi katika kila kitu, wakisema mawe yana ncha ili wanyama wajikune. Jesse Bering na David Bjorklund mwaka 2004 waliwaonyesha watoto vikaragosi, panya akaliwa na mamba. Wengi walikubali kwamba panya hahitaji chakula tena, lakini wengi wakasema bado anampenda mama yake. Mwelekeo si dini. Dini ina jina, siku na wazee wake.

Ndugu yangu anasikia sauti, anasema ni ya Mungu. Nimpeleke wapi?

Kusikia sauti peke yake si ugonjwa. Wapo waumini wenye afya waliowahi kusikia. Lakini kama halali, hali chakula, anaogopa watu wa nyumbani, au sauti inamwamuru ajidhuru au adhuru mwingine, mpelekeni hospitali leo. Maombi yaendelee, dawa pia. Atakayemwambia aache dawa ili kuonyesha imani, msimruhusu mlangoni.

Mume wangu ameacha dini. Saikolojia inasema kasoro yake ni nini?

Haisemi ana kasoro. Kulikuwa na utafiti wa mwaka 2012 ulioshangiliwa sana, kwamba kutazama picha ya sanamu ya mtu anayewaza hupunguza imani. Waliourudia baadaye kwa watu wengi zaidi hawakupata hivyo. Kinachoonekana kuwa na uzito ni kile ambacho mtu alikiona kwa wakubwa zake: je, walioisema dini waliiishi, walijinyima kwa ajili yake? Hapo unaweza kuanzia, ila usimwulize mwandishi wa safu. Muulize yeye.