Pikipiki ya zamani inazima ikipata moto

SWALI: Fundi, pikipiki yangu ya zamani asubuhi inawaka kiki ya kwanza tu, ila nikishatembea kama nusu saa inakata ghafla, ikipoa inawaka tena. Nimebadili plagi lakini wapi!

JIBU: Pole ndugu yangu. Hapo mara nyingi ni koili (inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi), au ile koili ndogo ya pulsa kwenye magneti (inayotoa ishara ya cheche kutoka), nyaya za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinagusana, ndo maana fundi akiipima imepoa haoni kitu. Ipime palepale inapozima. Kwanza fungua kifuniko cha tanki, ikiwaka hapohapo basi kitundu cha hewa kimeziba, sio umeme. Ikigoma, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu ilipotoka maana mvuke wa petroli unashika moto, halafu piga kiki: cheche nene ya bluu ni nzima, ikiwa hafifu ya njano au haipo kabisa, umeme huo. Usikimbilie kununua CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoongoza cheche), wengi wanapoteza hela hapo! Kwangua kwanza kutu pale waya wa ethi (wa kurudisha umeme) ulipofungwa kwenye fremu, kaza kofia ya plagi, kisha azima koili nzima ya aina ileile uijaribu.