Nimezima kompyuta, feni bado inanguruma

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina steshenari ndogo huku Nkuhungu, Dodoma. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, ina Windows 10. Jioni nikibofya "Shut down" skrini inakuwa nyeusi, lakini feni inaendelea kuzunguka na taa ya mbele haizimiki. Kuna siku niliiacha hivyo nikaenda nyumbani, asubuhi nikaikuta bado inanguruma. Sasa hivi nazimia ukutani. Cha ajabu, asubuhi nikiwasha swichi ya ukutani kompyuta inajiwasha yenyewe kabla sijagusa kitufe. Nilimpelekea fundi, akafungua sehemu fulani ndani ya Windows akanionyesha alama nyekundu zenye neno "Power". Akasema pawa saplai imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?

JIBU

Usinunue kwanza, dada. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikiharibika dalili zake huwa za upande wa pili: inagoma kuwaka, inazima ghafla ukiwa katikati ya kuchapa, au inatoa harufu ya kuungua. Ikiendelea kutoa umeme wakati kazi imeshaisha, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeiambia ikate.

Hizo alama nyekundu nazifahamu. Ni tukio namba 41 kwenye kumbukumbu za Windows, linaloandikwa "Kernel-Power". Watu wengi wakiliona hilo neno la mwisho wanadhani kompyuta inaishtaki pawa saplai. Kumbe tukio 41 linasema tu kwamba kompyuta imewaka tena bila Windows kuwa imemaliza taratibu zake za kufunga. Sababu inaweza kuwa umeme kukatika, kompyuta kuganda, au mtu kuzimia ukutani. Wewe unazimia ukutani kila jioni, basi tegemea kuikuta 41 mpya kila asubuhi. Fundi wako amesoma matokeo akayaita chanzo.

Ili ujue pa kutafuta, inabidi tuone kompyuta inazimikaje. Kitufe cha mbele hakikati umeme moja kwa moja. Tangu mfumo wa ATX, yaani muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, ulipokuja mwaka 1995, pawa saplai inafuata amri ya madabodi, ule ubao mkuu ambao vifaa vyote vya ndani vimeungwa kwake. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kuna waya mmoja wa kijani. Madabodi ikiuunganisha na nyaya nyeusi, pawa saplai inatoa umeme, ikiuachia, inakata. Waya wa zambarau wenyewe unabaki na volti 5 muda wote swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, ili madabodi iweze kujua kitufe kimebonyezwa. Ndiyo maana kitaa kidogo cha nyuma, kwenye tundu la kebo ya mtandao, kinaweza kuendelea kuwaka hata kompyuta ikiwa imezimika kabisa. Hicho kisikutie wasiwasi. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zina plagi za aina yake na rangi tofauti, ila kanuni haibadiliki.

Madabodi nayo inaisubiri Windows. Unapobofya "Shut down", Windows inafunga programu ulizofungua, kisha huduma zinazofanya kazi chinichini, inamalizia kuandika kwenye diski, inaziaga draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) moja moja, halafu ndipo inaiambia madabodi: achia waya. Skrini yako inakuwa nyeusi na feni inaendelea, maana yake safari imekwama karibu na mwisho. Ama Windows haijafika pale pa kutoa amri, ama imeitoa na madabodi haikuitii. Pande hizo mbili hutengwa kwa kipimo kimoja kisichokugharimu hata shilingi, na nakuomba uanze nacho kabla ya kingine chochote.

Washa kompyuta, na mara tu inapowaka gonga mfululizo kitufe cha kuingilia BIOS, ile mipangilio ya madabodi inayoamka kabla ya Windows. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo nyingi za mezani ni F1, na nyingine hutumia Delete. Ukishaona ile skrini ya mipangilio, usibadilishe kitu. Bonyeza kitufe cha kuzimia cha mbele mara moja, kama kawaida. Hapo Windows haijaamka bado, kwa hiyo haina pa kuingilia. Kompyuta ikizimika papo hapo, feni ikasimama na taa ikatoka, basi kitufe chako, madabodi na pawa saplai vyote vinasikilizana, na ugonjwa uko kwenye Windows. Feni ikiendelea hata hapo, shikilia kitufe kwa sekunde kumi. Ikiwa hata hivyo haizimiki, sasa ndiyo tuzungumze habari za vifaa.

Kwa maelezo uliyonipa, nategemea yako itazimika pale BIOS bila shida. Kwa hiyo upande wa Windows ndio nitakaokaa nao zaidi.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni kitu kinachoitwa "Fast Startup". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibofya "Shut down" Windows haijifungi yote. Inafunga programu zako, lakini kiini chake na draiva zake inavihifadhi kwenye faili ndani ya diski, ili kesho iwake haraka. Kwa kompyuta mpya hilo halina tatizo. Kwa kompyuta iliyotengenezwa enzi za Windows 7, ikaja kuwekewa Windows 10 ukubwani, draiva moja isiyoelewa utaratibu huo inatosha kuikwamisha mashine nzima njiani, skrini ikiwa imeshazimwa.

Kulipima ni rahisi. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi, na ukiwa bado umekishikilia, bofya "Shut down". Hapo Windows inalazimika kujifunga kabisa bila kuhifadhi kitu. Fanya hivyo jioni kadhaa. Ikizimika vizuri kila mara, umempata mhalifu. Usitumie "Restart" kama kipimo. Nayo inajifunga kabisa, ndiyo, lakini haimwambii mtu akate umeme, hivyo haiwezi kukuonyesha kama kompyuta inajua kuzimika.

Kuiondoa moja kwa moja, fungua Control Panel, ingia Power Options, upande wa kushoto bofya "Choose what the power buttons do", kisha bofya maandishi ya juu yasemayo "Change settings that are currently unavailable". Chini utaona "Turn on fast startup" ikiwa na tiki. Itoe tiki, hifadhi. Wapo wanaopendelea kufungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi na kuandika powercfg /h off. Hiyo inaondoa pia ile faili ya kuhifadhia, ambayo huwa ya gigabaiti kadhaa, na kwa kompyuta yenye diski ndogo si haba. Kompyuta itachelewa kidogo kuwaka asubuhi. Kama ina SSD, zile diski za kasi zisizozunguka, huenda usione tofauti yoyote.

Jambo moja kuhusu hili. Ukirudi kwa fundi akakuambia dawa ni kupiga Windows upya, muulize kwanza kama amekagua Fast Startup. Windows ikipigwa upya inakuja na tiki hiyo ikiwa imewekwa tayari, na kwa mashine yako tatizo linaweza kurudi nayo siku ileile. Utakuwa umelipa hela na kusumbuka kuhamisha mafaili ya wateja bure. Hata masasisho makubwa ya Windows wakati mwingine huirudisha tiki kimyakimya, kwa hiyo dalili zikijirudia, anza kuchungulia hapo.

Ikiwa Shift haikusaidia, chomoa vyote vilivyochomekwa kwenye USB isipokuwa kibodi na mausi, kisha zima. Steshenari huwa na msitu wa nyaya: printa, skana, modemu, flashi ya mteja aliyeisahau tangu juzi. Kifaa kimoja kisichojibu kinaweza kuishikilia Windows. Ikizimika, rudisha kimoja kimoja kila jioni mpaka umjue mkaidi. Kama unatumia hab ya USB, kile kigawanyio cha matundu, yenye umeme wake wa pembeni, anza na hiyo. Zile za bei rahisi huweza kurudisha umeme ndani ya kompyuta na kuacha taa zikiwaka.

Baada ya hapo ni draiva. Tafuta namba ya modeli kwenye stika ya kasha, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, pakua draiva za chipset (chipu kuu za madabodi) na ile ya Intel Management Engine, chipu ndogo ya usimamizi, kama mashine yako ni ya Intel. Hiyo ya pili ina historia ya kuzizuia kompyuta kuzimika, hasa Windows ilipoichagua yenyewe toleo lisilolingana na madabodi. Chukua ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote bure, achana nazo, mara nyingi zinakuja na takataka.

Sasa suala la kujiwasha asubuhi. Hili wala si tatizo lile la kwanza. Ndani ya BIOS kuna mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Dell huuita "AC Recovery", HP huuita "After Power Loss". Una chaguo la kubaki imezimwa, kuwaka, au kurudi katika hali iliyokuwa nayo. Ukizimia ukutani feni ikiwa bado inazunguka, madabodi inakumbuka kwamba ilikuwa imewaka. Asubuhi ukiwasha swichi, inarudi ilikokuwa. Weka chaguo la kubaki imezimwa, litakusaidia pia siku umeme ukikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi.

Na kwa kuwa ni ya mtumba, kagua hapohapo kama kuna saa ya kujiwasha iliyopangwa, au uwezo wa kuamshwa kupitia mtandao. Kompyuta nyingi za aina hii zilikuwa za maofisi ya nje, ambako mtu wa TEHAMA alizipanga zijiwashe usiku wa manane zipokee masasisho. Ofisi imezitupa, mipangilio imesafiri nazo mpaka Nkuhungu. Zima vyote viwili.

Ukikuta saa na tarehe ya kompyuta zimepotea, nunua betri ya CR2032, ile bapa ya duara ya volti 3 iliyoko kwenye madabodi. Ikiisha, mipangilio ya BIOS inafutika kila unapozimia ukutani na utakuwa unairekebisha kila siku. Kukata umeme wa ukutani kila usiku kunaichosha mapema, kwa sababu bila ule waya wa zambarau saa ya ndani inaitegemea betri hiyo peke yake.

Tukija upande wa vifaa, endapo kipimo cha BIOS kitashindwa. Cha kwanza ni vumbi. Wenzetu wa Dar wanahangaika na unyevu na chumvi ya bahari. Sisi wa Dodoma, kiangazi, ule upepo wa Julai na Agosti unapokuja, vumbi linapenya hadi ndani ya makabati yaliyofungwa. Linaingia kwenye kitufe cha mbele kikawa kinanata, na kitufe kinachonata huifanya kompyuta izimike halafu iwake tena sekunde chache baadaye. Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, puliza kwa blowa huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Ukiwa hapo angalia kapasita za madabodi, vile vipipa vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake viwe bapa. Vilivyovimba au kuvuja ni habari mbaya.

Pawa saplai yenyewe usiifungue, na usimruhusu kijana wa dukani aifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Anayekushauri kununua nyingine mwombe akufungie ya kwake inayofanya kazi kwa siku moja, kisha uzime mbele yake. Ikizimika vizuri, lipa. Feni ikiendelea kuzunguka, basi ni madabodi, na kwa kompyuta ya mtumba sioni faida ya kubadilisha madabodi. Tafuta kompyuta nyingine ya mtumba uhamishie diski yako.

Mpaka ukamilishe haya, usizimie ukutani feni ikizunguka. Bofya "Shut down", na kama skrini inasema masasisho yanaendelea, subiri hata nusu saa. Skrini ikishakuwa nyeusi, tazama taa ya diski mpaka itulie dakika mbili tatu, ndipo ushikilie kitufe cha mbele mpaka feni isimame. Kwa Windows hilo nalo ni kukatishwa ghafla na 41 itaandikwa, lakini madabodi itajua imezimwa na haitajiwasha asubuhi. Feni ikisimama, zima ukutani uende zako. Na wiki hii, kabla ya lolote, nakili kazi za wateja kwenye flashi, kisha andika chkdsk C: /f kwenye Command Prompt ya msimamizi, kubali kwa Y, ubofye "Restart". Diski iliyokatiwa umeme jioni nyingi hivyo inastahili kukaguliwa.