Tepu iliyokwisha muda, imekwisha kwa nani? Kwa wanaoanza kazi ya tepu kwenye meinfremu

Hutamaliza mwezi kabla hujapigiwa simu usiku. Jobu ya bakapu imesimama, konsoli inadai tepu ya skrachi, yaani iliyo huru kuandikwa upya, na skrachi hakuna. Opereta wa zamu atakuuliza alichoniuliza mimi: "Si kuna tepu kibao zilizokwisha muda? Tuzitumie hizo." Nilimjibu sawa, nipe dakika kumi. Kilichoniokoa ni kwamba wakati ule sikuwa na ruhusa ya kutoa amri ya kuzirudisha kwenye skrachi.

Tepu moja ya z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM, ina habari zake sehemu tatu, na sehemu hizo hazikubaliani kila siku. Ya kwanza ni lebo iliyo ndani ya tepu. Kuna rekodi ya herufi 80 iitwayo HDR1, na humo mna tarehe ya kuisha kama ilivyokuwa siku tepu ilipoandikwa. Mtu akibadili mawazo kesho yake, lebo haina habari. Ya pili ni daftari la programu inayosimamia tepu. Mimi nimefanyia kazi DFSMSrmm (RMM kwa kifupi), na penginepo utakuta CA 1. Ya tatu ni katalogi, inayosema dataseti (faili) fulani iko kwenye voliyumu (tepu) fulani. Kwa hiyo mtu akikwambia tepu imekwisha muda, muulize amesoma wapi.

Kwenye RMM mwenye kauli ni daftari, na daftari lenyewe hufuata kanuni za uhifadhi tunazoziita VRS. Kanuni inaweza kusema hifadhi siku 30, au hifadhi mizunguko mitano, au hifadhi maadamu dataseti ingali kwenye katalogi. Hii ya mwisho, WHILECATALOG, ndiyo iliyonifunza kazi, maana inafanya uhai wa tepu utegemee kitu ambacho wewe wa tepu hukisimamii.

Kabla ya kuifikia, niseme kidogo kuhusu tarehe za ajabu utakazoziona kwenye JCL (maagizo ya kuendesha jobu) za zamani. Ukikuta EXPDT=99365, yaani tarehe ya kuisha ni mwaka 99, siku ya 365, usidhani ni tarehe 31 Desemba 1999 iliyopita siku nyingi. Mfumo huichukulia, pamoja na 99366, kuwa maana yake ni "isiishe kamwe". Halafu kuna 99000. Hiyo wala si tarehe, kwa kuwa mwaka hauna siku ya sifuri. Ni desturi iliyotoka CA 1, ikimaanisha tepu ilindwe na katalogi. RMM nayo inaweza kuielewa hivyo, ila tu kama waliokutangulia waliiandalia kanuni yake. Kituo kilichohama kutoka programu moja kwenda nyingine huhama na maelfu ya mistari ya JCL yenye 99000, na si kila mara aliyehamisha alikumbuka kuacha maelezo. Uliza mapema.

Sasa kisa chenyewe. Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi tulikuwa na mfumo mpya wa majaribio uliotumia daftari moja la RMM na mfumo wa uzalishaji. Ijumaa moja kazi ya usiku ya EDGHSKP, ile inayopitia kanuni zote na kuamua tepu zipi ziachiliwe, ilihamishiwa huko ili kupunguza mzigo kwenye uzalishaji. Ilikwenda bila kosa hata moja, ikarudisha sifuri kama inavyotakiwa. Jumamosi asubuhi nikafungua ripoti. Kwa kawaida tepu zinazosubiri kuachiliwa zilikuwa mia na ushei. Siku hiyo zilipita elfu nne.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza, ingawa asubuhi ile kilituchukua saa mbili kukiona. Mfumo wa majaribio haukuwa umeunganishwa na katalogi za watumiaji za uzalishaji. RMM ilipouliza "dataseti hii bado iko kwenye katalogi?", jibu likaja kuwa haipo. Katalogi usiyoweza kuifikia haikwambii "sijui". Inakwambia "haipo", na programu inaamini. Mishahara, madai ya wateja, hesabu za mwisho wa mwaka, vyote vilionekana yatima kwa wakati mmoja.

Tuliponea kwenye utaratibu ambao wengi huuona kero: kwa kawaida RMM haiirudishi tepu kwenye skrachi kwa hatua moja. Safari ya kwanza huiweka kwenye hali ya kusubiri kuachiliwa, na inayofuata ndiyo huikamilisha. Tukasimamisha kazi ya Jumamosi usiku, tukairudisha kwenye mfumo wake, ukaguzi ukaendeshwa upya, tepu zikarudi zilikokuwa. Kama kanuni zetu zingekuwa na SCRATCHIMMEDIATE, inayoruhusu hatua zote mbili kwa mkupuo mmoja, ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Kuna parameta ya CATSYSID inayoiambia RMM katalogi za mifumo ipi zinafikika pale inapoendeshwa. Kisome kipengele hicho kabla ya kingine chochote kwenye EDGRMMxx, faili la mipangilio ya RMM, na ukikuta kimewekwa nyota, yaani katalogi zote zinashirikiwa na mifumo yote, hakikisha mwenyewe kwamba ni kweli. Kwetu nyota ilikuwepo tangu zamani. Ilikuwa kweli mpaka ule mfumo mpya ulipoongezwa. Toleo lenu likiwa na vizingiti vya VRSDROP na EXPDTDROP, vinavyoangalia ni tepu ngapi zinapoteza ulinzi wa kanuni au wa tarehe kwa mkupuo, viwekwe vya kusimamisha kazi, si vya kutoa taarifa tu. Ujumbe wa taarifa saa tisa usiku hausomwi na mtu.

Mlango mwingine wa kupotezea tepu kwa njia ya katalogi ni GDG, yaani kundi la vizazi vya dataseti moja. Kundi hilo lina kikomo (LIMIT), na kizazi kipya kinapoingia cha zamani kabisa kinatolewa kwenye katalogi. Kwa tepu iliyo chini ya WHILECATALOG, kutolewa huko ndiyo hukumu. Basi mtu wa programu akishusha LIMIT kutoka 60 hadi 12 kwa sababu "orodha imekuwa ndefu", vizazi vilivyozidi vinatoka, na tepu zake zinaanza safari ya skrachi bila mtu wa tepu kuarifiwa. Wala hakukosea mashine, alikosea kutouliza. Waombe wakutumie ombi kabla ya kushusha, hata kama watakuona msumbufu.

Upande wa pili ni tepu zisizokwisha. Mradi ulikufa zamani, mwenyewe alihama, dataseti ingali kwenye katalogi, na tepu inakaa. Hapa haraka haina faida. Tafuta mrithi wa mradi, pata ruhusa kwa maandishi, kisha iondoe dataseti kwenye katalogi na uiache kanuni ifanye kazi yake. Usikimbilie amri ya DELETEVOLUME yenye FORCE, kwa sababu hiyo inaifuta rekodi ya voliyumu kwenye daftari, na ukihitaji baadaye kujua tepu ilikuwa na nini, huna pa kuuliza. Za DFSMShsm (HSM), programu inayohamisha na kubakapu data yenyewe, usiziguse kabisa. HSM ina hesabu yake, na yenyewe ndiyo husema tepu gani imeimaliza.

Mkitumia tepu pepe (virtual) kama za TS7700, ambapo voliyumu iko kwenye diski, ulizeni data hufutwa baada ya kupita saa ngapi tangu tepu iishe muda. Kwenye tepu halisi za kushikika, data ya skrachi ilibaki pale mpaka mtu aandike juu yake, na mara kadhaa hilo lilituokoa. Kwenye tepu pepe, saa zikitimia imefutwa.

Na siku konsoli itakapokuletea IEC507D, ikiuliza U au M, ujue inakwambia lebo ya tepu hiyo ina tarehe ambayo haijafika. U ni kutumia, yaani kuandika juu yake. Nimeona opereta akijibu U kwa mazoea, kama anavyofunga dirisha la tangazo. Kama huna uhakika, jibu M, tepu ishushwe, jobu isubiri.

Nirudi kwa opereta wa ile simu ya usiku. Siku hizi nikiulizwa vile, swali langu la kwanza ni kama EDGHSKP ya jana ilimalizika. Mara nyingi utakuta haikumalizika, pengine hata siku nne mfululizo, na hakuna aliyeangalia. Irekebishe, iendeshe, na skrachi halali zitatoka zenyewe kabla ya kupambazuka. Ikiwa kweli ilimalizika na bado hazitoshi, ongeza voliyumu mpya kwenye akiba, kisha asubuhi mkae na wenye data mjadili muda wa kuhifadhi.