Kabla hujamimina mafuta kwenye chakula cha samaki

Wadogo zangu mnaoingia kwenye lishe ya samaki wa maji baridi, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila kundi jipya likifika, swali la kwanza ni lilelile: “Mafuta niweke asilimia ngapi?” Hakuna anayeuliza mafuta gani, ya samaki yupi, yalikamuliwa lini wala yamekaa wapi. Samaki wakigoma kukua, mnakimbilia kabati la viongezi: vitamini kidogo, lesithini kidogo, unga wa kitunguu saumu, bakteria rafiki, na wiki inayofuata mnatia kingine. Chakula chenye mafuta mabovu hakiokolewi na kiongezi. Nimelisema hili kwa mdomo mpaka limenikaa kama kikohozi, sasa naliandika. Fomula mnajua kupiga, kompyuta mnaijua kunishinda, huko siendi.

1. Mjue samaki kabla ya mafuta. Sato anahitaji asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6, kati ya asilimia 0.5 na 1 ya chakula, na akiipata hiyo mengi yananyooka. Karpi anataka mbili, linoleiki na alfa-linoleniki, ambayo ni omega-3. Trauti yeye ni wa omega-3: asipopata alfa-linoleniki karibu asilimia 1, mapezi yanalika na siku ya kupima uzito anazimia kwenye wavu. Hilo la kuzimia si hadithi. Tulikuwa na kijana mmoja, mchapakazi kwelikweli, aliyewalisha trauti mafuta ya alizeti peke yake kwa sababu “soya na alizeti si yote ni ya mimea, dada?” Siku ya kupima, samaki wakawa wanamlegea mkononi mmoja baada ya mwingine, naye anailaumu oksijeni. Kipimo cha oksijeni kilikuwa kinasoma vizuri tu.

Mafuta ya mimea si kitu kimoja, jamani. Mawese yana palmitiki, asidi mafuta iliyoshiba, inayokaribia asilimia 44. Kwenye maji ya nyuzi 28 sato hana ugomvi nayo, ila maji yakipoa, mmeng'enyo wa asidi mafuta zilizoshiba hushuka na nyingine unaziokota kwenye kinyesi. Alizeti ya kawaida imejaa linoleiki. Kitani, zaidi ya nusu yake ni alfa-linoleniki. Nazi, karibu nusu ni lauriki. Ukiandika “mafuta ya mimea” kwenye lebo ya ndoo na kuishia hapo, hujaandika kitu.

Samaki wetu wana bahati ambayo wengi wa baharini hawana: vimeng'enya vya kurefusha asidi mafuta za kaboni 18 hadi kufikia EPA na DHA, zile omega-3 ndefu. Ndiyo maana unaweza kuyatoa mafuta ya samaki, ukaweka ya soya, na uzito usitetereke. Minofu ndiyo inayobadilika. Omega-6 inapanda, DHA inapungua. Ukiniletea ripoti inayosema hapakuwa na tofauti, na minofu hukuipima, nitakurudishia bila kuisoma. Ukitaka kuirudisha sehemu ya omega-3, wape chakula cha kumalizia chenye mafuta ya samaki wiki za mwisho kabla ya kuvuna.

2. Hesabu mafuta yote, si yale uliyomimina tu. Dagaa waliosagwa wanakuja na mafuta yao, pumba za mpunga nazo wala si haba. Nimeona jaribio la “bila mafuta ya samaki” ambalo theluthi ya chakula ilikuwa unga wa samaki. EPA na DHA zilikuwa zimejaa humo, na mwenye jaribio akatangaza kwamba sato wake wamezitengeneza wenyewe! Tulicheka, kisha tukamsaidia kuandika upya.

Kwa sato, jumla ya asilimia 5 hadi 12 inatosha. Ukizidisha, mafuta yanajazana tumboni na kwenye ini, si kwenye minofu. Gramu moja ya mafuta ina kilojuli kama 39, ya protini 24, ya wanga 17. Ukiongeza mafuta bila kusawazisha, samaki anashiba nishati kabla hajala protini ya kutosha. Tena hapo hulinganishi mafuta na mafuta, unalinganisha nishati na nishati.

Na peleti zilizopita kwenye ekstruda, ile mashine inayokanda chakula kwa joto na shinikizo, zichemshwe kwa asidi kabla ya kupimwa mafuta kwa Soxhlet. Sehemu ya mafuta hunaswa ndani ya wanga, ndiyo maana namba inatoka ndogo na mnaanza kumtazama fundi wa mashine kwa jicho la wizi. Mafuta mengi msiyapitishe ndani ya ekstruda, peleti hazitavimba na zitazama. Nyunyizeni baada ya kukausha.

3. Mafuta huchacha, na hayapigi hodi. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoungua mimi.

Nilikuwa nalinganisha kitani, mawese na mafuta ya samaki kwa sato wadogo. Chakula cha jaribio zima nilikichanganya kwa mkupuo mmoja, nikajipongeza kwa kujua kupanga kazi. Nikakijaza kwenye ndoo na kuzipanga stoo chini ya paa la bati, kwa kuwa friza ilikuwa imejaa vitu vya wakubwa. Vitamini E niliweka, tena kwenye sehemu ya mbinu nikaandika kwa kifua kipana kwamba imewekwa “kulinda mafuta”. Ilikuwa tokoferili asetati. Wanaojua wameshaanza kucheka. Asetati hailindi chochote ndani ya ndoo. Imefungwa makusudi ili yenyewe isiharibike njiani, na inafunguka ikifika kwenye utumbo wa samaki. Kipimo nacho nilikinakili, miligramu 50 kwa kilo, kutoka fomula yenye mafuta asilimia 5. Chakula changu kilikuwa na mafuta zaidi ya mara mbili ya hayo, na sato anayekula mafuta ya asilimia 10 hadi 15 anaweza kuhitaji hata miligramu 500.

Kwa hiyo kitani changu kilikaa kwenye joto bila mlinzi, kikiwa kimechanganywa na premiksi, yaani mchanganyiko wa madini ulioandaliwa tayari, yenye chuma na shaba, ambazo ni vichocheo vikubwa vya kuchacha. Mafuta ya samaki yalikuwa yametoka kiwandani na BHT, kizuia-oksidi, ndani yake. Mawese hayachachi upesi. Yaani hata kabla sijamtupia samaki peleti ya kwanza, mechi ilikuwa imeshapangwa.

Samaki wa kitani walianza vizuri. Kisha wakawa wanakuja juu, wanaidaka peleti, wanaitema. Migongo ikakonda mpaka kichwa kikaonekana cha samaki mwingine. Nilipompasua wa kwanza aliyekufa, ini lilikuwa limepauka na kuelekea unjano, na matamvua yamefifia kama hayana damu. Nikafanya nini? Nikaongeza vitamini C. Kisha nikabadilisha maji. Kisha nikajiambia ni ugonjwa, nikatia chumvi. Kabati zima la viongezi nililizunguka, mimi huyu ninayewasema ninyi.

Halafu likaja la aibu zaidi. Nilikumbuka kupima peroksidi za chakula kile, zile zinazozaliwa mwanzo mafuta yakianza kuchacha, zikatoka chache, nikafurahi. Nikaandika kwenye rasimu kwamba ubora wa mafuta ulikuwa mzuri muda wote na kwamba kitani hakimfai sato. Rasimu ilikuwa karibu kutumwa. Fundi wetu wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, akachukua peleti chache, akazisugua kiganjani, akaninyooshea mkono ninuse. Zilinata. Zilinuka rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango, na haishangazi, kwa sababu mafuta ya kitani hutumika kutengenezea rangi hiyo.

“Anisidini umepima, mwanangu?”

Sikuwa nimepima. Peroksidi hupanda, kisha zinavunjika kuwa aldehidi, ambazo ndizo kipimo cha anisidini huzikamata, na namba ya peroksidi inashuka. Mimi nilipima wakati zimeshashuka, nikaona usafi mahali pasipo na usafi. Anisidini ilipotoka, nilimwomba mzee airudie, akarudia, ikatoka vilevile. Sikuwa nimelinganisha kitani na mawese. Nilikuwa nimelinganisha mafuta yaliyochacha na mafuta mazima, na samaki wamekufa kwa ajili hiyo. Jaribio lote likaenda jalalani, na barua ya kumweleza msimamizi niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilikuwa naijua habari hii. Japani, karpi waliolishwa mapupa ya nondo wa hariri yaliyochacha walipata ugonjwa unaoitwa sekoke, misuli ya mgongo ikakonda, na vitamini E ndiyo iliyoonekana kuuzuia. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

Basi: pima peroksidi na anisidini mafuta yanapofika, pima tena kwenye chakula katikati na mwisho wa jaribio. Weka kizuia-oksidi kinachofanya kazi ndani ya gunia, si tumboni tu. Mafuta yote unayoyalinganisha yapate ulinzi uleule. Changanya kidogo kidogo, hifadhi kwenye baridi na giza, funga. Na nusa! Pua haimo kwenye sehemu ya mbinu, lakini iliniokoa mimi.

4. Viongezi vingine, harakaharaka. Vitamini C iwe ya fosfeti, ya kawaida inapotea kwenye joto la ekstruda, na samaki hawa hawajitengenezei. Siku mtakayoona migongo imepinda mtakuwa mmechelewa. Premiksi ya vitamini na ya madini zikae mifuko tofauti mpaka siku ya kuchanganya. Fitase, kimeng'enya cha kufungua fosforasi ya mimea, inyunyizwe baada ya joto, si kabla. Karpi hana tumbo lenye asidi, kwa hiyo mkimtafutia fosforasi msimwekee fosfeti ya dikalsiamu mkadhani ataitumia kama sato, mpeni monokalsiamu. Bakteria za Basili zina mbegu zinazovumilia joto, Laktobasili hazina, na aliyepitisha Laktobasili kwenye ekstruda kisha akaja kuniuliza kwa nini haoni faida, amelisha samaki maiti za bakteria kwa gharama kubwa.

Lisini na methionini, asidi amino za protini, zipimeni kila mnapoongeza soya. Hiyo ilitakiwa kuwa aya nzima, lakini mnaijua.

5. Mafuta nukato si mafuta ya lishe. Kila mwaka lazima mmoja achanganye haya mawili. Mafuta ya oregano, ya karafuu, ya zaatari: hayo ni timoli, kavakroli, eujenoli, yanawekwa kwa kiasi kidogo sana na kazi yake si nishati wala asidi mafuta. Dada mmoja, nampenda sana, alitoa gramu zilezile za mafuta ya soya akaweka ya oregano “ili fomula ibaki sawa”. Samaki hawakukaribia peleti zile. Maabara ilinuka mpaka watu wa jengo la pili wakaja kuulizia. Tena ni mafuta yanayoruka na mvuke. Ukiyapitisha kwenye joto, kinachobaki kwenye peleti si kile ulichokiandika. Na ya karafuu kumbukeni ndiyo tunayowalazia samaki tukitaka kuwapima, kwa hiyo kuyamwaga kwenye chakula bila kufikiri ni ujasiri ambao sina.

6. Tangi ndilo kipimo, samaki siye. Matangi matatu yenye samaki 30 kila moja ni marudio matatu, siyo 90. Samaki wa tangi moja wanakunywa maji yaleyale, wanagombania chakula kilekile, na yule mkubwa anawanyanyasa wote. Ukiniletea 90 kwenye jedwali, namba zako zitapendeza na mhakiki wa kwanza atazivua nguo. Jaribio la ukuaji nalo lisikatwe kwa sababu mmechoka au likizo imefika. Mngoje walau uzito uzidi mara tatu ya ule wa kuanzia, hasa mkibadilisha mafuta, maana akiba ya asidi mafuta aliyokuja nayo samaki mwilini haiishi kwa siku chache. Aliyekata mapema ameipima akiba hiyo, chakula chake bado.

Asidi mafuta ziripotiwe kwa asilimia na pia kwa gramu ndani ya kilo ya minofu. Asilimia peke yake inaweza kuonyesha DHA imepungua wakati kilichotokea ni mafuta ya jumla kuongezeka.

7. Sampuli za minofu ziende kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, siku hiyohiyo, zikiwa zimefungwa bila hewa. Hata kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri asidi mafuta ndefu huendelea kuoksidika, taratibu lakini kwa uhakika. Andikeni jina, tarehe na tangi kwa kalamu isiyofutika. Rafu ya chini ya friza yetu ina mifuko ya minofu iliyoandikwa “T2 mpya”, bila jina wala mwaka. Kila ninayemuuliza anasema aliikuta. Ijumaa naitoa, mwenye nayo ajitokeze kabla ya hapo.