Rangi inayobanduka kwenye manowari ya plastiki

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza mbona rangi nyekundu ya chini ya Königsberg yako, ule mfano wa plastiki wa manowari ya Kijerumani, inabanduka ukitoa tepu ya kukinga rangi isivuke mpaka, na kama ni chumvi ya hapa Lamu. Chumvi inasingiziwa tu. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na juu ya mafuta rangi haishiki. Osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke kabisa, kisha paka rangi ya msingi nyembamba na uiache mpaka kesho yake. Tepu nayo ibandike kwanza kiganjani ipungue gundi, halafu uitoe polepole ukiikunja kurudi nyuma.

Hewa yetu huharibu vanishi zaidi: ukiipuliza siku za masika hugeuka ukungu mweupe. Ngoja jua.

Na huo wekundu usiuache ung'ae. Meli hupakwa rangi hiyo, mara nyingi yenye shaba, kuzuia mwani na viumbe kuganda, kazi ileile ya deheni ya chokaa na shahamu kwenye majahazi. Kwa kipimo cha 1/700, yaani mfano mdogo mara 700 kuliko meli halisi, meli nzima ni sentimita 16 na ushei. Iking'aa itaonekana kitu cha kuchezea watoto.